Pakiti Iliyovuka Mpaka

Mtu aliyekulia Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, anazoea mapema kuamini kwamba upande wa pili kuna nafuu. Sukari ikipanda huku, kule imeshuka. Mayai, saruji, sabuni ya mche, mafuta ya kupikia, kila kitu kina bei mbili na pesa za aina mbili, na hata mtoto anayetumwa dukani anajua ni lini avuke na ni lini asivuke. Kituo cha pamoja cha forodha walichokizindua Rais Kenyatta na Rais Museveni Februari 2018 kimepunguza foleni za malori, lakini sehemu kubwa ya biashara ya mji huu haijawahi kupita getini. Inapita njia za panya, juu ya baiskeli na pikipiki, kati ya nyumba ambazo jiko liko Kenya na choo kiko Uganda.

Kwa sukari, mazoea hayo hayamdhuru mtu. Kwa ugonjwa wa mtoto ni jambo jingine kabisa, na kwa ajili ya hilo naandika.

Mwanamke nitakayemsimulia sitampa jina, kwa kuwa si mmoja. Nimemuunda kutokana na mambo yanayowapata wazazi wengi wa watoto wenye selimundu, au sikoseli kama wanavyoiita wenyewe, kati ya Busia na Tororo. Analima muhogo na mtama, siku za soko anauza dagaa. Ana watoto watatu, na wa pili, mvulana wa miaka saba, ndiye mwenye ugonjwa. Tangu akiwa mchanga vidole vyake vilivimba, macho yakawa ya manjano, na usiku alilia mifupa. Kwa mwaka mzima watu wa nyumbani walisema amelogwa. Kipimo cha damu ndicho kilichomaliza ubishi.

Ugonjwa huu si mgeni katika nchi hii ya chini inayotazama Ziwa Victoria, na sababu yake ni malaria. Nagongera, wilayani Tororo, watafiti walipohesabu mbu kati ya mwaka 2011 na 2013 waliona kwamba mtu mmoja aliumwa na mbu wenye vijidudu vya malaria takriban mara 310 kwa mwaka. Mahali pa namna hiyo, mtoto aliyerithi chembe moja tu ya selimundu, kutoka kwa baba au kwa mama, anaistahimili malaria kuliko wenzake, kwa hiyo chembe hiyo ikaenea vizazi na vizazi. Anayerithi mbili, moja kwa kila mzazi, ndiye anayeugua. Utafiti uliopima damu ya watoto karibu 100,000 wa Uganda na kuchapishwa mwaka 2016 ulikuta zaidi ya mmoja katika kila 8 amebeba chembe moja, na karibu 7 katika kila 1,000 wana ugonjwa wenyewe. Ng'ambo ya mpaka, Busia ya Kenya, Siaya na Kisumu, hali inafanana.

Mama yetu alikuwa na kliniki yake. Sista aliyemhudumia alimpa asidi ya foliki na dawa ya kumkinga mtoto na malaria, kisha daktari akaongeza vidonge vya haidroksiyurea. Dawa hiyo si ya kubahatisha. Ilijaribiwa hapa hapa kwetu, Mbale na Kilifi, pamoja na Angola na Kongo, kwa watoto 606, na matokeo yakatolewa Desemba 2018: vipindi vya maumivu makali vilipungua kwa zaidi ya nusu, malaria ikapungua kwa nusu, kuongezewa damu kukashuka hadi theluthi moja, na vifo vikapungua. Ninazitaja hesabu hizi kwa sababu hakuna aliyemweleza mama yule. Aliambiwa tu, "Mpe kimoja kila siku, usiache."

Tatizo ni kwamba dawa mara ipo, mara haipo. Isipokuwepo kliniki, anapewa karatasi akanunue famasi, na hela ya famasi ndiyo hela ya unga. Siku moja, akiwa kwenye benchi la kusubiri, alimsikia daktari akimwambia mzazi mwingine kwamba ugonjwa huu siku hizi unapona kabisa kwa kupandikizwa seli shina, ila si hapa. Alipofika zamu yake akauliza.

"Daktari, hiyo ya seli shina inapatikana wapi?"

"Mama, hiyo ni ya mbali na ni ghali. Endelea na vidonge."

Basi. Mazungumzo yakaishia hapo, na mgonjwa aliyefuata akaitwa. Daktari hakusema uongo, ila alimwachia mama yule jina la tiba bila kumwonyesha njia yake, naye akarudi nalo nyumbani.

Wiki chache baadaye, kwenye ukumbi mmoja wa kukodi ng'ambo ya pili, alilisikia jina hilo tena. Mara hii lilitamkwa kwa sauti ya spika, na kijana mwenye suti, aliyekuwa na picha za watu waliotupa magongo. Mkononi alishika pakiti ndogo inayong'aa, ya ukubwa wa pakiti ya kahawa ya maji moto. Ndani mlikuwa na unga mwepesi wa rangi ya waridi wenye harufu ya matunda. Unaumwaga chini ya ulimi, unasubiri uyeyuke, hunywi maji kwa muda. Kwenye boksi kulikuwa na picha ya tufaha na maneno ya Kiingereza yanayotaja seli shina.

"Mama, hospitali wanatibu dalili," kijana alimwambia kwa upole. "Hii inatengeneza damu mpya kutoka ndani. Hivyo vidonge vya kansa unavyompa mtoto, vitamuua."

Neno la mwisho ndilo lililomshika. Haidroksiyurea hutumika pia kwa wagonjwa wa baadhi ya saratani za damu, kwa hiyo kijana alikuwa na chembe ya ukweli ya kufungia uongo wake. Akauza ndama, akanunua maboksi mawili, akaambiwa akileta watu watatu atapata la tatu bure. Alivuka nayo chini ya dagaa.

Miezi miwili mtoto alikuwa mzima. Hapo ndipo wengi wetu tunaponaswa, kwa hiyo tuliangalie vizuri. Selimundu huja kwa vipindi. Mtoto anaweza kukaa wiki nyingi bila maumivu hata asipopewa kitu, na chochote alichopewa katika wiki hizo kitasifiwa. Isitoshe, haidroksiyurea aliyokwisha kunywa ilikuwa bado inamlinda kidogo. Mama aliona unga umefanya kazi, akaacha vidonge, akaacha kliniki, na kwa moyo mweupe akawaleta wale watu watatu. Mwezi wa nne, asubuhi moja, mtoto alishindwa kushika kikombe. Mdomo ulikuwa umepinda, mkono na mguu wa kulia vimelegea. Damu yenye seli zilizojikunja kama mundu ilikuwa imeziba mshipa wa ubongo. Amepona kwa kiasi cha kutembea, lakini anaburuta mguu, na shuleni amerudishwa darasa.

Sasa tuseme kilichokuwa ndani ya pakiti na ambacho hakikuwemo. Seli shina ni seli hai. Zile za damu hukaa ndani ya uboho wa mifupa, na kazi yake ni kuzaa seli mpya za damu maisha yote. Zikitolewa mwilini, hupandikizwa upesi au hugandishwa kwenye naitrojeni ya maji, kwenye baridi ya karibu nyuzi 196 chini ya sifuri. Haziwezi kukaushwa zikawa unga, zikafungwa kwenye boksi, zikapigwa na jua la Busia, kisha zikaamka chini ya ulimi. Na seli ya tufaha, iwe shina au jani, mwili wa mtu huisaga kama chakula. Haiwezi kugeuka damu.

Upandikizaji wa kweli mama yule angeutambua kwa ugumu wake. Kwanza ndugu wa mtoto wanapimwa. Kila ndugu wa baba na mama mmoja ana nafasi moja katika nne ya kulingana naye kikamilifu, na wengi hawampati anayelingana. Kisha mgonjwa hupewa dawa kali za kuondoa uboho wake, hukaa wiki kadhaa kwenye chumba cha peke yake kwa kuwa hana kinga, na ndipo seli za ndugu yake zinapoingizwa kwa dripu. Zinaweza kukataliwa na mwili; zinaweza pia kuushambulia mwili wenyewe. Uzazi unaweza kuharibika. Katika Afrika Mashariki kazi hii imeanza: Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza mwaka 2023 kuwapandikiza watoto wenye selimundu. Iko pia tiba mpya inayozichukua seli shina za mgonjwa mwenyewe, kuzihariri chembe zake za urithi na kumrudishia. Uingereza iliipitisha Novemba 2023, Marekani ikafuata Desemba. Katika jaribio lake, wagonjwa 29 kati ya 31 waliofuatiliwa vya kutosha walikaa angalau mwaka mzima bila shambulio kali. Bei iliyotangazwa Marekani ilipopitishwa ilikuwa dola milioni 2.2 kwa mtu mmoja.

Kwa hiyo daktari wa kliniki alisema kweli: ni mbali na ni ghali. Ila mgonjwa akielezwa umbali bila kuonyeshwa barabara, atamfuata yeyote atakayemwambia kuna njia ya mkato.

Na sheria ilikuwa wapi? Swali hili watu hulijibu kwa hasira, ama kwamba serikali imelala, ama kwamba serikali inawanyima watu tiba. Mimi naona kasoro imejificha penye mshono wa sheria mbili. Uganda ina Mamlaka ya Taifa ya Dawa, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1993. Kenya ina Bodi ya Famasia na Sumu. Tangu 2023 Uganda ina sheria ya kuchangia na kupandikiza viungo, na sheria hiyo inagusa seli na tishu pia; Sheria ya Afya ya Kenya ya 2017 nayo hairuhusu upandikizaji nje ya hospitali iliyoidhinishwa. Kwenye karatasi mgonjwa amekingwa pande zote mbili. Lakini ofisa wa dawa wa Uganda hana mamlaka hatua moja ndani ya Kenya, wala wa Kenya ndani ya Uganda, na mwenye pakiti anazijua hatua hizo vizuri kuliko wote wawili. Kwa ofisa anasema ni virutubisho, chakula tu. Kwa mgonjwa anasema ni tiba ya seli shina. Akibanwa huku, wiki ijayo ukumbi anaukodi kule.

Hila hii haikuanzia Busia, na tusijidharau kwa kudhani ni ujinga wetu peke yetu. Miaka ya 2000, Waingereza waliokuwa na ugonjwa wa neva unaoharibu ubongo na uti wa mgongo walikuwa wakivuka bahari kwenda Rotterdam, Uholanzi, kwa daktari Robert Trossel, ambaye pia alikuwa na chumba cha kuwaonea wagonjwa London. Aliwachoma sindano za seli shina kwa maelfu ya pauni. Baadaye ilibainika kwamba seli zile zilikuwa za utafiti wa maabara, wala hazikukusudiwa mwili wa binadamu. Mwaka 2010 baraza la madaktari la Uingereza lilimfutia usajili. Watu hao walikuwa wamesoma, wana intaneti, wana hospitali za bure nyumbani. Walivuka kwa sababu nyumbani waliambiwa hakuna la kufanya, na ng'ambo yupo aliyesema lipo.

Sisi wenyewe tuna kisa kikubwa zaidi, na wazee wa mpakani wanakikumbuka. Julai 1990, Rais Moi alizindua Kemron mbele ya taifa. Ilitoka katika Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, chini ya Dk. Davy Koech, na nayo pia ilikuwa kidonge cha kuyeyusha mdomoni. Ilidaiwa kuwanyanyua wagonjwa wa Ukimwi kitandani, na wengine kupoteza kabisa dalili za virusi kwenye vipimo. Ushahidi wenyewe ulikuwa wa wagonjwa wachache, bila kundi la kulinganisha nalo. Shirika la Afya Duniani lilisema dawa ile bado ni ya majaribio, lakini ikulu ilikuwa imeshanena, na nani alikuwa tayari kuipinga? Wagonjwa walifika Nairobi kutoka nje ya Kenya wakiitafuta. Waliotoa jibu la uhakika walikuwa madaktari wa Uganda. Huko Kampala waliwaandikisha wagonjwa zaidi ya 500, nusu wakapewa dawa yenyewe na nusu kidonge kisicho na dawa, bila mgonjwa wala daktari kujua nani kapewa nini. Hawakuona tofauti. Waliougua waliugua vilevile, waliokufa walikufa vilevile.

Kisa hiki mimi nakithamini sana. Kinaonyesha kwamba utaratibu wa majaribio, ule tunaoulalamikia kwa uchelewaji na makaratasi, ndio uliomwambia mgonjwa ukweli pale ambapo heshima ya rais na sifa ya taasisi zilishindwa. Utaratibu huohuo ndio uliotuletea haidroksiyurea kwa watoto wa Mbale. Umefunga mlango mmoja, ukafungua mwingine.

Lakini ukali wa sheria peke yake hautoshi, na hapa siko pamoja na wanaodhani msako na faini vitamaliza. Mama yule angenyang'anywa pakiti zake getini, angerudi nyumbani na mtoto yuleyule, kliniki ileile isiyo na dawa, na swali lilelile ambalo hakujibiwa. Mkataba wa Wakala wa Dawa wa Afrika ulianza kutumika Novemba 2021, na makao yake ni Kigali. Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo tangu 2012 ina mpango wa kuoanisha usajili wa dawa, ambapo wataalamu wa nchi wanachama wanalichunguza jalada la dawa kwa pamoja. Hiyo ndiyo njia ya kuuziba mshono. Sijaona sababu kwa nini mpango kama huo usiwe na ofisa wa dawa wa Kenya na wa Uganda kwenye meza moja pale Busia na kwenye mpaka wa Malaba, kama watu wa forodha wanavyokaa tayari. Na sioni sababu kwa nini mtoto wa Tororo anayefaa kupandikizwa asiwe na njia inayoeleweka ya kupimwa ndugu zake na kupewa barua ya kwenda Dodoma, iliyoandikwa na daktari, kwa bei inayojulikana tangu mwanzo.

Mpaka hayo yatimie, mzazi anayesoma haya ana nguvu kuliko anavyodhani. Anayekuletea tiba ya seli shina, muulize seli hizo zimetoka kwa nani, zimehifadhiwa wapi, na hospitali gani itakayomlaza mtoto. Akikwambia ni utafiti, mwombe kibali: Uganda, jaribio la dawa hupitia kamati ya maadili, Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia na Mamlaka ya Dawa; Kenya, hupitia kamati ya maadili na Bodi ya Famasia na Sumu. Mshiriki wa jaribio la halali hapaswi kuuziwa dawa inayojaribiwa, kwa hiyo anayekutoza hela ya "majaribio" ameshajitambulisha. Jina la daktari liulizie kwenye baraza la madaktari la nchi yake. Na yeyote atakayekwambia uache dawa ya kliniki ili yake ifanye kazi, muache yeye.

Nanyi madaktari na masista wa mpakani, mama akiuliza kuhusu seli shina, msimjibu kwa sentensi moja. Dakika kumi zinatosha kumweleza kwamba tiba ipo, kwa nini ni ngumu, ndugu wanapimwaje, na kwa nini kidonge cha leo ndicho kinachomlinda mtoto asipooze wakati akiingoja. Kijana mwenye suti alimpa saa mbili nzima.

Mtoto yule sasa amerudi kliniki na anakunywa haidroksiyurea kila siku. Dada yake mkubwa bado hajapimwa kama uboho wake unalingana na wa mdogo wake. Mwenye mtoto wa selimundu, anza na kipimo hicho: uliza hospitali ya rufaa iliyo karibu nawe kinafanyika wapi, na uombe jibu kwa maandishi.